Uliza Mafundi: Taa za Dagaa Ndani ya Baiti 768

Barua za safari hii zote zinahusu jambo moja: kuchora picha zinazotembea kwenye Commodore 64, ZX Spectrum na Amiga, mashine za miaka ya 1980 zenye kumbukumbu ndogo kuliko picha moja ya simu yako. Tumechagua saba. Ya kutoka Nansio tumeijibu kwa kirefu kupita zote, maana hesabu iliyomo ndiyo inayowakwamisha wengi.

Nina laptopu tu

*Habari za kazi, mafundi. Mimi ni mwanachuo, nakaa Nyegezi. Hizo kompyuta nimeziona kwenye picha tu. Laptopu yangu ni ya kawaida, ramu GB 4. Lazima nitafute mashine yenyewe ndipo nianze?*

Si lazima, na tunakushauri usinunue kitu kabla ya kumaliza kazi yako ya kwanza. Pakua emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani: VICE kwa Commodore 64, Fuse kwa Spectrum, FS-UAE kwa Amiga. Zote ni za bure na ramu yako inazitosha. Ila Amiga inahitaji romu (programu ya msingi ya mashine) iitwayo Kickstart, ambayo ina haki miliki na huuzwa kihalali ndani ya kifurushi cha Amiga Forever. FS-UAE ina romu mbadala ya bure, AROS, lakini si kila programu inaikubali.

Ukishaiweka, rekebisha mambo mawili. Kwanza, chagua PAL, mfumo wa TV wa Ulaya, si NTSC wa Marekani, la sivyo kazi yako itakwenda kwa kasi nyingine siku ukiipeleka kwenye mashine halisi ya Ulaya. Pili, kuza picha kwa namba kamili, mara 2 au mara 3. Ukiivuta ijaze kioo, pikseli nyingine zitanenepa na nyingine zitakonda, na kitu kikitembea kitaonekana kinachechemea.

Kuna kuchechemea kwingine usikokuwa na kosa nako: kioo cha laptopu huonyesha mara 60 kwa sekunde, PAL ni 50, kwa hiyo fremu 10 katika kila sekunde zinarudiwa. Ukirekodi video, iweke fremu 50 kwa sekunde. Usihukumu mwendo kwa kioo cha laptopu peke yake.

Nimeiokota kwenye mzigo wa mitumba, naogopa kuiwasha

*Salaam. Nimepata Commodore 64 na adapta yake kwenye mzigo wa vyombo vya umeme vilivyotumika. Chini imeandikwa 120V 60Hz. Muuzaji anasema nichomeke tu. Ni kweli? Wa Igoma.*

Si kweli. Hiyo ni ya Marekani. Umeme wetu ni volti 230, na adapta hiyo itaungua ndani ya dakika chache. Inahitaji transfoma ya kushusha kutoka 230 hadi 110, kubwa kidogo, wati 100 inatosha kwa nafasi.

Hata baada ya hapo usiunganishe na kompyuta. Adapta za Commodore 64 zina ugonjwa wao unaojulikana dunia nzima: sehemu ya volti 5 ikichoka haifi kimya, inapandisha volti, na volti hizo zinaua chipu za kumbukumbu. Chukua multimita. Kwenye plagi ya duara yenye pini 7, pima umeme wa DC kati ya pini 5 na pini 2. Unataka kuona kati ya 4.75 na 5.25. Iache imewashwa dakika 20 ipate joto, pima tena. Ikizidi 5.25 usiitumie, na usihangaike kuifungua: nyingi zimejazwa gundi ngumu kama jiwe. Tafuta adapta mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo. Pini 6 na 7 ni volti 9 za AC, kwa hiyo chaja ya volti 5 ya simu peke yake haifai.

Jambo la mwisho ni televisheni. Mashine ya Marekani inatoa NTSC. TV ya chogo isiyojua NTSC itakuonyesha picha isiyo na rangi au inayopanda bila kusimama. Angalia kibandiko cha nyuma: nyingi za Asia zimeandikwa PAL na NTSC pamoja, na hizo hazina shida.

Spectrum inakataa kuchezesha picha

*Mafundi, hongereni kwa kazi. Niko Nansio, Ukerewe. Nina ZX Spectrum ya 48K inayofanya kazi. Nataka kuonyesha taa za wavuvi wa dagaa usiku, zikimetameta na kuakisi majini. Nimechora picha tano za kioo kizima, kumbukumbu imejaa. Halafu zikibadilishana naona mstari unashuka kama pazia. Nifanyeje?*

Wazo lako ni zuri na mashine hiyo inaliweza. Kosa ni kuchora kabla ya kuhesabu.

Kioo cha Spectrum ni pikseli 256 kwa 192. Nukta zenyewe zinakula baiti 6,144. Rangi zimewekwa mbali, baiti 768: kioo kimegawanywa vyumba 32 kwa 24, kila chumba pikseli 8 kwa 8, na kila chumba kina rangi mbili tu, ya wino na ya karatasi. Jumla 6,912. Ndiyo maana picha tano zimekumaliza. Pazia nalo lina sababu yake. Kunakili baiti moja kwa amri ya LDIR kunachukua mapigo 21 ya prosesa, kwa hiyo kioo kizima ni mapigo 145,152, wakati fremu moja ya TV ni mapigo 69,888. Unanakili polepole kuliko TV inavyochora, ndipo inakukuta katikati.

Sasa tazama kazi yako. Usiku, mitumbwi haisogei sana. Kinachobadilika ni mwanga. Basi chora mitumbwi na upeo wa ziwa mara moja kwa wino mweusi, usiiguse tena, halafu ubadilishe zile baiti 768 za rangi peke yake. Mapigo 16,128 tu. Yanaisha mapema kabla TV haijalifikia eneo linalonakiliwa. Na fremu 40 zinakuwa baiti 30,720, zinaingia zote.

Andika hivi kwa BASIC, lugha iliyomo ndani ya mashine:

10 CLEAR 32767
20 FOR i=65000 TO 65012: READ a: POKE i,a: NEXT i
30 DATA 33,0,128,17,0,88,1,0,3,118,237,176,201
40 FOR n=0 TO 39
50 POKE 65002,128+3*n
60 RANDOMIZE USR 65000
70 PAUSE 4
80 NEXT n: GO TO 40

Namba za DATA jumlisha kabla ya RUN: zifike 1002. Ukikosea moja mashine itaganda au itajiwasha upya na kila kitu kitapotea, kwa hiyo sevu kwanza. Ile 118 ndiyo inayoiambia prosesa isubiri TV ianze fremu mpya. Ukiiondoa pazia linarudi. Namba ya PAUSE ndiyo mwendo: 4 ni taa ya upepo mwanana, 2 ni ya kuharakisha, na usiweke 0, maana hiyo inasubiri ubonyeze kibodi milele.

Fremu zinakaa kuanzia 32768. Kabla ya kuzijaza andika CLEAR 32767 kwa mkono. Bila hivyo, siku ukiandika NEW zote zinafutika. Jaza kila mahali kwanza 8, ambayo ni karatasi ya bluu na wino mweusi:

FOR i=32768 TO 63487: POKE i,8: NEXT i

BASIC itachukua dakika kadhaa, nenda kabandike chai. Kisha taa moja, katika fremu n, mstari r, safu c:

POKE 32768+768*n+32*r+c,112

112 ni njano kali, 48 njano iliyofifia, 16 nyekundu, 0 giza. Wino uache mweusi katika zote ili mtumbwi uliochorwa usibadilike rangi. Chora mpango kwenye daftari la hesabu la miraba, 32 kwa 24, uandike namba ndani ya miraba. Taa moja ipitie 112, 112, 48, 112, 16, 48. Ya jirani ianze mfuatano huohuo hatua mbili mbele. Zikienda pamoja zote, zitafanana na taa za duka la Krismasi. Kivuli cha majini kiweke chumba kimoja au viwili chini ya taa, kiwe kimechelewa fremu moja na kimefifia hatua moja. Huko kuchelewa ndiko kunakofanya jicho likubali kwamba ni maji.

Kwa taa za mbali kabisa usitumie fremu. Spectrum ina FLASH, inayobadilishana wino na karatasi yenyewe kila baada ya fremu 16, yaani karibu theluthi ya sekunde. Tatizo lake ni kwamba kioo kizima kinapepesa kwa pamoja. Danganya hivi: nusu ya taa zipe 142 (karatasi ya bluu, wino wa njano) na nusu 177 (kinyume chake). Vyumba viwe vitupu bila nukta. Sasa hizi zikizima, zile zinawaka. Baiti hizo lazima ziwemo katika fremu zote 40, la sivyo kunakili kutazifuta.

Ukimaliza: SAVE "taa" CODE 32768,30720. Kwenye kaseti ni kama dakika tatu. Kama redio kaseti yako imechoka, badili faili iwe sauti na uipige kutoka simu, waya wa sikio hadi tundu la EAR, sauti juu kabisa. Simu iwe kwenye hali ya ndege. Mlio mmoja wa ujumbe katikati na upakiaji unakufa.

Na adapta ikikufa, usichukue yoyote ya volti 9 ukaichomeka. Ya Spectrum ina hasi katikati na chanya nje, kinyume na nyingi za madukani.

Furukombe wangu anageuka takataka

*Nimetengeneza furukombe anayepiga mabawa kwenye Commodore 64, spraiti tatu, namba 13, 14 na 15. Anaruka vizuri. Nikisevu kwenye kaseti halafu nikaendelea, anageuka vidoti ovyo. Pia akifika karibu na mwisho wa kioo programu inasimama na ILLEGAL QUANTITY. Kirumba, Mwanza.*

Spraiti ni picha ndogo inayosogezwa juu ya kioo bila kugusa mandhari. Namba 13 hadi 15 ni anwani 832 hadi 1022 za kumbukumbu. Hapo ndipo mashine inapoweka data ya kaseti wakati wa kusevu na kupakia. Vitabu vinapapendekeza kwa sababu hapatumiki, mpaka uwe na kaseti. Hamishia picha 12288, ambayo ni namba 192, na mwanzoni mwa programu uizuie BASIC isipande huko:

POKE 52,48: POKE 56,48: CLR

Kutoka 192 hadi 255 una nafasi ya picha 64. BASIC inabaki na kama kilobaiti 10, inatosha.

Kosa la pili: rejista ya X inapokea 0 hadi 255, kioo ni kipana zaidi. Biti ya tisa iko 53264. Kwa spraiti ya kwanza:

POKE 53248,X AND 255: POKE 53264,-(X>255)

Mabano hayo yanatoa -1 ikiwa ni kweli, ndiyo maana ya alama ya kutoa mbele. Ukiwa na ndege zaidi ya mmoja, amri hii itawarudisha wengine kushoto, itabidi ujumlishe biti zao.

Kwa mabawa, picha tatu zitoe hatua nne: juu, kati, chini, kati. Usizipe muda sawa. Furukombe halisi anapiga mabawa mara chache kisha anateleza hewani. Mwache kwenye picha ya kati kwa muda mrefu, mteremshe kidogo, ndipo apige tena. Kabla ya kila badiliko weka WAIT 53265,128 na baada yake WAIT 53265,128,128, hapo utapata hatua moja kwa kila fremu ya TV bila kukatika.

Amiga inatoa picha nyeusi na nyeupe

*Amiga 500 yangu nikiichomeka AV ya TV napata picha isiyo na rangi. Fundi anasema chipu imekufa. Halafu programu ya kuchora, Deluxe Paint III, inaniambia kumbukumbu haitoshi baada ya fremu chache. Musoma.*

Chipu yako ni nzima, mwambie fundi aiache. Tundu la AV la Amiga 500 lilitengenezwa hivyo: linatoa nyeusi na nyeupe tu. Rangi zinatoka kwenye soketi ya pini 23, kupitia kifaa kidogo cha A520 au waya wa RGB kwenda TV yenye SCART. TV nyingi za huku hazina SCART, kwa hiyo A520, au kigeuzi cha RGB kwenda HDMI ukitumia TV bapa.

Kumbukumbu: kioo cha 320 kwa 256 chenye rangi 32 ni baiti 51,200. Cha rangi 16 ni 40,960, cha rangi 8 ni 30,720. Mashine ya kilobaiti 512 haikupi nafasi baada ya programu yenyewe kukaa, na kwa animesheni unataka megabaiti 1. Lakini kabla ya kununua nyongeza, jua kwamba Deluxe Paint haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi tofauti kati ya fremu na fremu. Mandhari ikitulia na magugumaji yakaelea peke yake, fremu ni nyepesi. Ukisogeza mandhari yote, kama kamera inayogeuka, kila fremu inakuwa nzito karibu kama picha kamili. Wengi wanakwama hapo tu.

Mawimbi usiyachore fremu kwa fremu kabisa. Tenga rangi 8 za bluu zilizofuatana kwenye palati, ziweke kama mzunguko, paka michirizi kwa mfuatano wake, bonyeza Tab. Rangi zinazunguka, maji yanatembea, na hujatumia fremu hata moja. Zipange giza, mwanga, kisha zirudi giza. Zikianzia giza na kuishia mwanga, utaona mruko kila zinapoanza upya.

Ukipata nyongeza ya A501, ifungue kwanza. Ndani kuna betri ndogo ya duara ambayo huvuja na kula nyaya. Ikate hata kama inaonekana safi. Palipo na ukungu wa kijani pakaa siki kidogo kwa pamba ya masikio, kisha safisha kwa spiriti na uache ikauke siku nzima.

Diski zimeota ukungu

*Hamjambo vijana. Mimi ni mwalimu mstaafu, Bukoba. Nina diski kumi na mbili za Amiga za tangu 1991, zina michoro yangu. Kwenye utepe wa ndani naona madoa meupe. Mjukuu amenunua kisomea diski cha USB lakini kinasema diski haina kitu.*

Shikamoo Mwalimu. Tunaomba diski hizo usiziingize mahali popote kwanza. Madoa hayo ni kuvu, yanatokana na unyevu, na huku kando ya ziwa hakuna kabati lisilofikiwa. Diski moja ikizunguka inapaka kichwa cha kusomea, na kichwa kinakwaruza diski inayofuata. Telezesha kile kifuniko cha chuma, pitisha pamba yenye spiriti kali isiyo na mafuta kutoka katikati kwenda nje, zungusha kitovu kidogo kwa kidole, endelea hadi umalize pande zote mbili. Iache ikauke saa kadhaa. Ukiona alama ya mkwaruzo, iweke ya mwisho.

Kisomea cha mjukuu hakina kosa. Amiga iliandika kilobaiti 880 kwa mpangilio wake, na visomea vya USB havijui mpangilio huo. Kinachotakiwa ni draivu ya kawaida ya ndani ya kompyuta ya mezani pamoja na kibao cha Greaseweazle au KryoFlux, vinavyosoma sumaku yenyewe bila kujali mpangilio. Ndiyo njia iliyotumika kutoa michoro ya Andy Warhol kutoka diski zake za Amiga, iliyotangazwa mwaka 2014, na hizo zilikuwa na umri mkubwa kuliko zako Mwalimu. Baada ya kunakili, weka diski kwenye chombo cha plastiki kinachofunga, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikishiba unyevu haviongezi kitu, vibadilishe.

Nikirekodi kwa simu naona mistari

*Tunataka kuonyesha kazi zetu kwenye TV tatu za chogo, nje, usiku, karibu na ufukwe wa Capri Point. Tukirekodi kwa simu mistari myeusi inapita. Kundi la wachoraji.*

Fungua kamera kwa mipangilio ya mkono, kasi ya shata iwe 1/50, rekodi kwa fremu 25 au 50. Sogea nyuma kidogo na ulegeze fokasi kwa unywele mmoja, mawimbi ya rangi yatapotea.

Kuhusu kuonyesha nje: mwanga wa TV ndio unaovuta wale wadudu wa ziwa, na wakija wanakuja kama moshi. Wanaingia kwenye matundu ya nyuma na kuganda kwenye joto. Funika nyuma kwa chandarua cha matundu madogo, kiache nafasi ya vidole vinne kutoka TV ili hewa ipite. Asubuhi msifungue TV kusafisha wenyewe. Bomba la picha lililo ndani linashika umeme mkali hata TV ikiwa haijachomekwa. Na mawingu yakikusanyika upande wa ziwa, chomoeni plagi za ukutani kabisa, radi haisubiri mzime swichi.